Mabaka yanayowasha na minyoo: namna ya kutafuta chanzo kabla ya kumeza dawa

Ukiingia duka la dawa Arusha au Moshi ukasema mwili unawasha na unatoa mabaka, jibu la kwanza mara nyingi ni "hiyo minyoo", na kidonge cha albendazoli cha miligramu 400 kinatolewa hapo hapo. Kisiposaidia, maelezo yanageuka kuwa damu chafu. Baada ya hapo inakuja sindano ya deksamethasoni au vidonge vya prednisoloni, dawa za steroidi zinazoshusha kinga ya mwili: mwasho unakata siku mbili tatu, kisha unarudi na nguvu mpya. Mpangilio huo uko kichwa chini miguu juu. Vimelea kweli huleta shida za ngozi, lakini kila kimoja kina sura yake na muda wake, na mabaka mengi yanayodumu miezi hayana mnyoo wowote nyuma yake. Tena upo mnyoo mmoja ambao dawa hizo za mwisho huuamsha ukaweza kuua mtu. Tutaufikia.

Kwanza, chora duara

Chagua baka moja jipya ambalo hujalikuna sana. Lizungushie kwa kalamu ya wino, andika saa pembeni yake, kisha liangalie kesho saa ile ile. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo papasa kwa vidole, na mulika tochi ya simu kutoka ubavuni badala ya mbele. Kivuli ndicho kinachoonyesha uvimbe umeishia wapi. Piga picha kabla na baada.

Kama baka limetoweka ndani ya saa 24 bila kuacha alama, na mengine yamechomoza sehemu nyingine, hayo ni mabaka ya aleji yenyewe. Mwili umemwaga histamini, kemikali ya aleji, na maji yamevuja chini ya ngozi. Kama kipele kipo pale pale kesho na keshokutwa, acha kufikiria aleji ya ndani, fikiria wadudu na upele, yaani ule wa mdudu anayejichimbia ngozini. Kama baka limekaa zaidi ya siku, linauma kuliko linavyowasha na limeacha weusi kama wa jeraha la kugongwa, hiyo inaweza kuwa mishipa midogo ya damu imevimba, na ni kazi ya daktari wa ngozi. Na kama kuna mstari uliotoka nje ya duara, ruka hadi sehemu ya mistari hapa chini.

Kuna dalili ambazo hazisubiri duara wala kesho: midomo au ulimi kuvimba, sauti kukwaruza, kifua kubana, kutapika mfululizo, kizunguzungu cha kutaka kuanguka. Hapo ni hospitali iliyo karibu, mara moja. Mtu mzima anahitaji adrenalini miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja. Kidonge cha aleji pekee hakitoshi. Hali kadhalika malengelenge au vidonda vya mdomoni na machoni baada ya kumeza SP (dawa ya malaria), kotrimoksazoli au dawa yoyote mpya: acha dawa hiyo, nenda nayo hospitali pamoja na pakiti yake.

Mabaka yanahama, hayajatimiza wiki 6

Mengi ya hayo hutokana na mafua na virusi vingine, dawa au chakula, na huisha yenyewe. Swali la kutenganisha ni hili: katika miezi miwili iliyopita umeingia maji gani, na umekula nini kibichi?

Mtu aliyeoga, kuvua au kupanda mpunga kwenye mifereji ya Lower Moshi, aliyeingia Bwawa la Nyumba ya Mungu, au aliyekwenda kuogelea Ziwa Victoria, afikirie kichocho. Lava (mtoto wa mnyoo) wa kichocho hutoka kwa konokono na kupenya ngozi kwa dakika chache tu. Wale wa kichocho cha tumbo hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kuelekea mchana. Baadhi ya watu huwashwa siku hiyo hiyo pale maji yalipogusa, kisha kimya. Kati ya wiki ya 2 na ya 8 ndipo kinapolipuka: homa za jioni, kikohozi kikavu, kuharisha, mabaka yanayohama. Wengi huambiwa ni malaria au taifodi.

Sasa hapa ndipo watu wanapopotea. Kipimo cha choo kinatoka safi, kwa sababu minyoo bado michanga na haijaanza kutaga. Kinachoonekana ni eosinofili, aina mojawapo ya chembe nyeupe, kupanda kwenye damu. Pia mlipuko huu humpata zaidi mgeni wa maji hayo, mfano mtu wa Marangu au wa Arusha mjini aliyeshuka mara moja tu. Aliyekulia kando ya mfereji anaweza kuwa na minyoo mingi bila kutoa hata baka moja. Kwa hiyo "mbona wenyeji wanaoga kila siku" si hoja.

Dawa ni prazikwanteli, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 60 anahitaji miligramu 2,400, yaani vidonge 4 vya miligramu 600, pamoja na chakula. Lakini prazikwanteli haiui minyoo michanga. Ikimezwa mapema mno, homa na mabaka vinaweza kuzidi kwa siku chache na ugonjwa ukabaki, ndiyo maana daktari hupanga muda wa dozi na kuirudia baada ya wiki 6 hadi 12. Onyo moja: mwenye historia ya kifafa, au vinundu vigumu chini ya ngozi, asimeze prazikwanteli wala albendazoli kabla daktari hajamwona. Lava wa tegu wa nguruwe wakiwa kwenye ubongo, dawa ikiwaua ghafla huweza kuleta degedege. Ugonjwa huo upo kaskazini mwa nchi. Mbulu unajulikana vizuri.

Minyoo mikubwa ya mviringo nayo hupitia mapafuni ikiwa lava, wiki moja au mbili baada ya mtu kumeza mayai kwenye mboga au mikono michafu. Kikohozi na mabaka kwa pamoja, hasa kwa mtoto. Mayai hayaonekani kwenye choo hadi miezi miwili au zaidi ipite, na kwa wakati huo mabaka yameshasahaulika.

Mnyoo bapa wa ini, ule ambao wachinjaji huukuta kwenye maini ya ng'ombe, umewahi kuthibitishwa kwa watu mkoani Arusha. Huingia kwa majani mabichi ya kandokando ya maji au maji yasiyochemshwa. Dalili yake ni maumivu chini ya mbavu za kulia, homa, mabaka, na eosinofili za juu sana. Albendazoli haitoshi hapa, prazikwanteli haifanyi kazi kabisa. Dawa yake ni triklabendazoli, miligramu 10 kwa kilo, na inapatikana kupitia hospitali kubwa.

Kwa jamii za wafugaji wanaoishi na mbwa na mifugo, ongeza hili: mtu aliyegongwa au kuanguka kwa tumbo kisha akatoa mabaka ghafla na kuishiwa nguvu anaweza kuwa amepasukiwa na kifuko cha maji cha tegu wa mbwa kwenye ini. Hiyo ni dharura ya upasuaji.

Mabaka yamevuka wiki 6

Hapa minyoo inasingiziwa kuliko mahali pengine popote. Kwa wagonjwa wengi wa aina hii ni kinga ya mwili inayochokoza seli zake yenyewe, na hakuna cha kutoa tumboni. Wengine ni mguso: kwaruza mgongo kwa kifuniko cha kalamu, subiri dakika 10; ukipata mstari ulioinuka na kuwasha, chanzo ni msuguano. Wengine ni baridi, na Juni na Julai Arusha huwafichua: weka kipande cha barafu kwenye mfuko wa plastiki juu ya mkono kwa dakika 5, kiondoe, angalia baada ya dakika 10. Baka likiumuka pale barafu ilipokaa, ni aleji ya baridi. Mtu huyo asijitose kwenye maji baridi ya chemchemi hata kidogo, anaweza kuzimia majini. Na aliyewahi kupata shida ya pumzi kwa baridi asijijaribu nyumbani.

Angalia pia dawa za maumivu. Diklofenaki, aspirini na ibuprofeni huchochea mabaka kwa watu wengi wenye tatizo hili, na ndizo zinazomezwa kwa mazoea.

Matibabu ya kuanzia ni setirizini, kidonge cha aleji, miligramu 10 kila siku, kwa saa ile ile, uwe na mabaka au usiwe nayo. Kosa la kawaida ni kuimeza baka likishatokea tu, halafu kusema haifanyi kazi. Ikishindwa baada ya wiki 2 hadi 4, daktari anaweza kupandisha dozi ya mtu mzima hadi mara nne. Usijipandishie.

Je, minyoo ipimwe? Ndiyo, mara moja na vizuri. Anza na FBP, kipimo cha picha kamili ya damu. Usiangalie asilimia ya eosinofili peke yake, tafuta idadi: zidisha chembe nyeupe kwa asilimia hiyo. Chembe nyeupe 6.0 na eosinofili asilimia 7 ni 0.42, ambayo ni kawaida. Chembe nyeupe 11.0 na asilimia 18 ni 1.98, na hiyo inadai maelezo. Chini ya 0.5 hakuna cha kutisha. Kati ya 0.5 na 1.5 inaweza kuwa pumu, pumu ya ngozi, upele au minyoo. Juu ya 1.5 daktari atafute minyoo inayopita kwenye tishu. Ila kama ulichomwa deksamethasoni juzi, namba hiyo imeshushwa na sindano, haina maana.

Choo kipimwe mara tatu, siku tofauti, na sampuli ifike maabara ndani ya saa moja au mbili ikiwa mbichi. Ile iliyolala kwenye friji tangu jana lava wake wameshakufa na hawachezi tena chini ya darubini. Wakikuta giadia, itibiwe. Wakikuta mayai ya safura, yatibiwe. Lakini usitangaze ushindi: kukuta kimelea kwa mtu wa kwetu si sawa na kukuta chanzo. Mabaka yakipungua ndani ya wiki chache baada ya tiba, sawa. Yakibaki vile vile, rudi kwenye setirizini na uache kurudia dawa ya minyoo kila mwezi.

Mstari unaotembea

Weka alama ya kalamu kwenye ncha ya mstari. Angalia baada ya saa moja, kisha kesho yake.

Ukiwa umesogea milimita chache, au sentimita moja mbili kwa siku nzima, ukiwa mwembamba wenye kona kona, uko kwenye unyayo, tako au mahali palipogusa mchanga, huyo ni lava wa safura ya mbwa au paka. Amepotea njia, hawezi kukomaa ndani ya mtu, anazunguka chini ya ngozi hadi afe. Mchanga wa ujenzi uliorundikwa nje wiki kadhaa, mbwa wakaugeuza choo na watoto wakaugeuza uwanja, ni chanzo kizuri kama ufukwe wowote. Albendazoli miligramu 400 kwa siku 3 au zaidi, au dozi moja ya ivermektini, humaliza kazi. Usichimbe kwa sindano wala kuchoma kwa moto: lava huwa ametangulia mbele ya mwisho wa mstari, kwa hiyo unachimba mahali ambapo hayupo.

Mstari uliosogea sentimita 5 hadi 10 ndani ya saa moja ni habari nyingine kabisa. Huo hutokea matakoni, kiunoni, mapajani, unakuwa mpana kama baka refu, unapotea baada ya saa au siku chache, kisha unarudi baada ya wiki au miezi. Huyo ni *Strongyloides stercoralis*, tumwite strongiloidi, ndiye yule tuliyemtaja mwanzo. Anaingia kwa kukanyaga udongo pekupeku kama safura, lakini tofauti na safura anazaliana ndani ya mtu huyo huyo bila kutoka nje, kwa hiyo aliyeambukizwa utotoni shambani anaweza kuwa naye miaka 30 baadaye akiwa ofisini. Wengi hawana dalili zaidi ya tumbo kujaa, mabaka ya hapa na pale, na eosinofili zilizopanda kidogo.

Kinga ikishushwa kwa prednisoloni au deksamethasoni, lava huongezeka kwa maelfu, hutoboa utumbo wakibeba bakteria na kuingia mapafuni, kwenye damu, hata kwenye ubongo. Mgonjwa anakuja na maumivu ya tumbo, kikohozi, kushindwa kupumua na homa, na cha ajabu eosinofili zake zinaweza kuwa za kawaida. Wengi wa wanaofikia hapo hufa. Kwa hiyo mwenye mabaka, hasa mwenye eosinofili za juu, asichomwe wala kumezeshwa dawa hizo kwa wiki kadhaa kabla ya kupimwa strongiloidi au kupewa dawa ya kumzuia. Mgonjwa wa pumu anayerudia prednisoloni mara kwa mara aulize swali hili pia.

Kipimo cha kawaida cha choo humkosa mara nyingi, na kile cha Kato-Katz kinachohesabu mayai humkosa zaidi, kwa kuwa yeye hutoa lava badala ya mayai. Omba njia ya Baermann, ambapo choo kibichi huwekwa juu ya maji ya vuguvugu na lava hushuka wenyewe, au kipimo cha kingamwili. Kidonge kimoja cha albendazoli hakimtoi. Dawa yake ni ivermektini, mikrogramu 200 kwa kilo: kilo 60 ni miligramu 12, yaani vidonge 4 vya miligramu 3, kwa siku moja au mbili mfululizo kadiri daktari atakavyoamua. Mjamzito na mtoto wa chini ya kilo 15 hawapewi bila uamuzi wa daktari.

Na tafadhali, ile ivermektini ya sindano ya ng'ombe inayouzwa agroveti isinywewe. Ni ya asilimia 1, mililita moja ina miligramu 10, na kosa dogo la bomba la sindano ni dozi kubwa kwa mtoto.

Mwasho unazidi usiku, na nyumbani mnajikuna wote

Huu ni upele hadi ithibitike vinginevyo. Angalia katikati ya vidole, vifundo vya mikono kwa ndani, kwapa, mstari wa mkanda, chuchu, na kwa wanaume sehemu za siri. Vinundu vinavyowasha kwenye uume ni karibu kama saini yake. Maambukizi ya kwanza huchukua wiki 4 hadi 6 kabla ya kuwasha, kwa hiyo aliyekuambukiza alilala kwenu zamani kidogo.

BBE, dawa ya kupaka ya benzyl benzoate, ya asilimia 25 inafanya kazi, na inaposhindwa sababu ni zile zile. Imepakwa penye vipele tu badala ya shingoni hadi nyayo, pamoja na chini ya kucha na kati ya makalio. Mama amepaka, akanawa mikono kuosha vyombo, hakurudishia. Mmoja ametibiwa, watano wameachwa. Haikurudiwa baada ya wiki moja. Kwa watoto huchanganywa na maji kiasi sawa. Kwa wa chini ya miaka 2, sehemu moja ya dawa kwa tatu za maji, la sivyo inaunguza. Permethrini ya asilimia 5 haichomi na inafaa kwa mjamzito. Mrija wa gramu 30 ni wa mtu mzima mmoja kwa mara moja.

Nguo na mashuka ya siku tatu za mwisho zifuliwe kwa maji ya moto na kupigwa pasi, au zifungwe kwenye mfuko kwa siku 4. Mitumba ya soko la Memorial, Moshi, inalaumiwa bure: mdudu wa upele nje ya mwili haishi zaidi ya siku mbili tatu, na robota lile limekaa wiki nyingi melini. Lawama apewe mgeni mliyelala naye kitanda kimoja.

Mwasho unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4 baada ya wadudu kufa, kwa sababu mabaki yao bado yako kwenye ngozi. Setirizini inatosha. Anayepaka BBE kila siku kwa hofu anajitengenezea ugonjwa mwingine, ngozi iliyoungua. Na mirija ya krimu zenye betamethasoni au klobetasoli iliyochanganywa na dawa ya fangasi hulainisha sura ya upele, na ya mashilingi (fangasi wa mviringo) pia, hadi daktari mwenyewe anashindwa kuitambua.

Miguu, na alama za kuumwa

Mwasho kati ya vidole vya miguu siku chache baada ya kulima pekupeku ni safura inaingia. Huisha, ila upungufu wa damu ndio utakaofuata. Tekenya ni doa jeupe lenye nukta nyeusi katikati, pembeni ya kucha. Pini moja isizunguke familia nzima, na chanjo ya pepopunda iwepo. Jipu lenye tundu linalopumua, mgongoni au kiunoni, baada ya kuvaa nguo iliyoanikwa kwenye majani bila pasi, ni funza, yaani buu wa nzi: ziba tundu kwa Vaseline, atachomoza kutafuta hewa, kisha mbinye taratibu kutoka pande zote mbili.

Vipele vigumu viwili vitatu mstari mmoja kwenye miguu na mikono ya mtoto, vinavyokaa wiki nzima, ni kunguni, viroboto au utitiri wa kuku. Banda la kuku likiwa limegusana na dirisha la chumba, anza na banda.

Vipele vya mwasho visivyoisha mikononi na miguuni kwa mtu mzima, ngozi imeacha makovu meusi, bila wadudu nyumbani: pima VVU. Ni moja ya dalili zake za ngozi zinazoonekana sana. Na mtu aliyeishi miaka mingi Mahenge, Tukuyu au Usambara, mwenye mwasho wa miaka na madoa meupe kwenye muundi, apimwe usubi, ugonjwa wa minyoo ya ngozini inayoenezwa na nzi wadogo wa mtoni, ambao choo hakiuonyeshi. Unatafutwa kwa kipande kidogo cha ngozi.

Umemeza dawa, mwasho umezidi

Ukizidi ndani ya siku 1 hadi 3 pamoja na homa kidogo, baada ya ivermektini au prazikwanteli, mara nyingi ni mwili unaopambana na vimelea vinavyokufa. Hupungua kwa setirizini na mapumziko. Ukianza dakika au saa chache baada ya kidonge, ukiambatana na uvimbe wa uso, ni aleji ya dawa, usiirudie. Albendazoli katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito hairuhusiwi.

Ukiamua kwenda kwa mtaalamu, Moshi ipo kliniki ya ngozi ya hospitali ya KCMC, ambako kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kipo tangu 1992. Hospitali za Mawenzi (Moshi) na Mount Meru (Arusha) zinaweza kukuandikia rufaa. Nenda na picha za duara lako, majibu ya FBP ya kabla ya sindano yoyote, majina ya dawa zote ulizomeza na tarehe zake, na mirija ya krimu yenyewe, hata iliyokwisha. Usipake chochote asubuhi hiyo, na setirizini usiimeze siku tano kabla kama umeambiwa utafanyiwa vipimo vya aleji vya ngozini.